UZI: Nani alisema mkimbizi lazima akae kambini? Historia fupi ya msaada, ua na siasa zetu

1/ Kila msimu wa siasa ukikaribia kuna swali moja ambalo halikosi jukwaani: "Mbona tunalisha wageni na wetu wanalala njaa?" Watu wanapiga makofi, mheshimiwa anasonga mbele, na hakuna anayeuliza tulifikaje hapa. Leo tulifungue swali hilo polepole. Kanuni ya uzi huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunapima hoja, hatumpimi mwenye hoja.

2/ Hoja tatu ndizo husikika sana. Moja: ushuru wetu ndio unaowalisha wakimbizi. Mbili: kambi zifungwe, watu warudi kwao. Tatu: wenyeji wa Garissa na Turkana wamesahaulika huku wageni wakihudumiwa. Kila moja ina ukweli kiasi, na kila moja ina shimo. Lakini huwezi kuzipima bila kujua kwamba zote zimezaliwa na uamuzi mmoja wa mapema miaka ya 1990: anayetaka msaada, akae kambini.

3/ Tuanze mbali kidogo. Wengi hawajui kwamba miongoni mwa kambi za mwanzo za wakimbizi wa vita hapa Afrika Mashariki zilikuwa za Wazungu. Mwaka 1940 Wapolandi wengi walitolewa makwao na utawala wa Kisovieti wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati. Mwaka 1942 baadhi yao walitoka kupitia Iran, na Waingereza wakawaleta huku kwenye makoloni yao. Tengeru, karibu na Arusha, waliishi karibu 5,000. Uganda kulikuwa na Masindi na Koja.

4/ Tengeru walikuwa na shule, kanisa, hospitali na mashamba. Makaburi yao yako pale hadi leo. Vita vilipoisha wengi hawakurudi Poland, maana nchi waliyoiacha ilikuwa imebadilika. Wakapelekwa Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema ukimbizi ni tabia ya watu fulani, mkumbushe Tengeru. Mkimbizi ni mtu aliyekuwa na nyumba, na vita vikaingia nyumbani kwake.

5/ Baada ya vita hivyo ndipo sheria zikaandikwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilianza kazi Januari 1951 likiwa limepewa miaka 3 tu. Ilidhaniwa shida ya Ulaya itakwisha, ofisi ifungwe. Mkataba wa 1951 nao uliwalenga waliokimbia matukio ya kabla ya Januari mwaka huo. Itifaki ya 1967 ndiyo iliyoondoa mpaka huo wa tarehe. Lile shirika la miaka 3 bado liko kazini.

6/ Afrika ikaongeza lake. Tarehe 10 Septemba 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake wa wakimbizi. Ule wa 1951 unamtaka mtu aonyeshe kwamba anahofia kuteswa kwa sababu ya dini, kabila, uraia, siasa au kundi lake. Ule wa 1969 ukasema hata anayekimbia vita, uvamizi au vurugu kubwa za nchi ni mkimbizi. Yaani risasi zikilia kijijini kwenu, huhitaji kuonyesha kwamba zilikulenga wewe.

7/ Sasa Kenya. Kabla ya 1991 hatukuwa na kambi kubwa. Wakimbizi walikuwa kati ya 10,000 na 20,000, wengi kutoka Uganda. Walipanga nyumba mjini, wakafanya kazi, wakafungua biashara. Waulize wazee waliosoma sekondari miaka ya 1970, wengi watakuambia mwalimu wao wa hesabu au wa fizikia alikuwa Mganda. Hakuna aliyemwita mzigo. Alikuwa mwalimu tu.

8/ Halafu Januari 1991 serikali ya Somalia ikaanguka, rais wake akakimbia Mogadishu, na nchi ikagawanyika mikononi mwa wenye bunduki. Njaa ikafuata vita. Watu wakavuka kupitia Liboi na Mandera, na wengine kwa mashua hadi pwani yetu. Mei mwaka huohuo serikali ya Ethiopia nayo ikaanguka. Kufikia 1992 Kenya ilikuwa na wakimbizi takriban 400,000. Kutoka elfu kumi na kitu hadi laki nne, ndani ya miaka miwili. Serikali yoyote ingeshtuka.

9/ Hapo ndipo uamuzi ulipofanywa. Kambi ya Ifo ilifunguliwa Dadaab mwaka 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992. Zote tatu zilipangiwa watu 90,000. Serikali ikaiachia UNHCR karibu kazi yote, kuanzia kuwaandikisha watu hadi kuwapa makao. Kenya haikuwa na sheria yake maalumu ya wakimbizi hadi 2006. Kwa miaka 15 hivi, maisha ya watu laki kadhaa yaliendeshwa na sera ambayo Bunge lilikuwa halijaiandika.

10/ Na mbona Dadaab? Hapa tusome historia yetu wenyewe. Kaskazini Mashariki ilipitia vita vya 1963 hadi 1967, watu wakakusanywa kwenye vijiji vya kulindwa, mifugo ikapotea. Sheria za hali ya hatari zilibaki kule hadi mwishoni mwa 1991. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walikuwa wamepigwa msasa na kupewa kadi za pekee kuthibitisha ni Wakenya. Kwa hivyo kambi ziliwekwa mahali ambapo dola ilishazoea kumtazama kila mtu kama mshukiwa. Wasiwasi ulikuwepo kabla mkimbizi hajafika.

11/ Watu wa Pwani wanakumbuka sehemu nyingine ya hadithi hii. Waliokuja kwa mashua walikuwa na Wabajuni kutoka Kismayu na visiwa vyake, na watu wa Barawa wanaosema Chimwiini, ndugu wa Kiswahili chetu. Walipewa kambi kama Utange, Benadir na Marafa, karibu na Mombasa na Malindi. Wengine walikuwa na jamaa huku kutoka enzi za mababu. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kambi za Pwani zilikuwa zimefungwa. Waliobaki wakaambiwa kambi ni Dadaab au Kakuma.

12/ Hebu fikiria hiyo. Mvuvi wa Kibajuni, anayeijua bahari, lugha na soko la samaki la Mombasa, anapelekwa nyika ya Turkana apokee unga wa mgao. Pale Mombasa angeweza kujilisha. Kule atalishwa. Kisha miaka 20 baadaye tunasimama jukwaani na kuuliza kwa nini hawa watu wanategemea msaada. Utegemezi huo tuliupanga sisi, pamoja na wafadhili, kwa kalamu.

13/ Kakuma nayo ilifunguliwa 1992, kwa ajili ya waliokimbia vita vya kusini mwa Sudan. Wengi walikuwa watoto wa kiume wasio na wazazi. Walikuwa wamekimbilia Ethiopia, wakafukuzwa na vita vya huko mwaka 1991, wakarudi Sudan, wakatembea tena hadi Lokichoggio. Lokichoggio ndiko ndege za msaada wa Sudan zilikokuwa zikirukia tangu 1989. (Na mtandaoni utasoma eti "Kakuma" ni Kiswahili cha "pasipo mahali". Sisi wenye lugha hatulijui neno hilo. Ni jina la mji uliokuwepo kabla ya kambi.)

14/ Sasa tuelewe vile msaada wenyewe hufanya kazi, maana hapa ndipo porojo ni nyingi. Familia inaandikishwa, inapewa kadi, na kadi inasomwa kituoni siku ya mgao: nafaka, maharagwe au ndengu, mafuta, chumvi. Kipimo kamili kinachotumika duniani ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Chakula hicho hununuliwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) kwa michango ya nchi wafadhili. Hakitoki kwenye bajeti yetu ya kila Juni.

15/ Na michango hiyo si mshahara. Ni ombi. Shirika linaandika mahitaji yake, nchi tajiri zinaahidi, na mara nyingi ahadi haifiki nusu ya njia. Ni mfumo uliobuniwa kwa dharura: mafuriko ya miezi mitatu, vita vya mwaka mmoja. Sisi tumeutumia kuendesha miji ambayo sasa ina zaidi ya miaka 30. Ni kama kuishi kwa mchango wa harambee kila mwezi, maisha yako yote, na huruhusiwi kutafuta kazi.

16/ Kwa sababu hiyo ndiyo sehemu ya pili ya uamuzi wa 1991: ua. Hata pasipo na waya, kuna kibali. Mkimbizi akitaka kutoka Dadaab kwenda Garissa au Nairobi lazima awe na karatasi ya kusafiri yenye sababu, kama matibabu au shule. Kibali cha kazi kipo kwenye sheria, lakini wachache sana wamewahi kukipata. Akikamatwa njiani bila karatasi, ni seli au "kitu kidogo". Na wenye kuifahamu barabara hiyo wanajua ni kipi hupatikana haraka.

17/ Ua huu uliwaumiza wanawake kwanza. Mgao ulileta unga na maharagwe mabichi, lakini kuni za kupikia mtu alizitafuta mwenyewe porini. Miaka ya 1990 wanawake wa Dadaab walibakwa na majambazi wakitafuta kuni. Ilibidi mwaka 1998 uanzishwe mradi wa kugawa kuni. Wenyeji nao wakaona miti yao inaisha, kilomita baada ya kilomita. Hapa hoja ya tatu ina haki yake: mwenyeji alilipa gharama ambayo hakuna aliyemuandikia risiti.

18/ Na kuna jambo ambalo kila Mkenya anapaswa kulijua. Ukame ulipowakaba wenyeji wa Garissa na majirani zake, chakula cha uhakika kilikuwa kambini. Familia za Kikenya zikawaandikisha watoto kama wakimbizi, ili wale, watibiwe, wasome. Watoto hao walipofika miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho. Alama za vidole zikasomeka: mkimbizi. Ombi likakataliwa. Wanakadiriwa kuwa makumi ya maelfu. Raia wa nchi hii, waliopoteza uraia wao kwa sababu ya sahani ya chakula.

19/ Rudia hiyo polepole. Mkenya alilazimika kujifanya mgeni ili asaidiwe ndani ya Kenya. Baadhi yao walienda mahakamani, wengine walipigwa msasa wakaondolewa kwenye orodha baada ya kusubiri miaka. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, huna kazi ya serikali, huna kura. Kwa hivyo swali "mbona wageni wanasaidiwa na wetu wanaachwa" lina jibu chungu: msaada ulikuwa wa kambi, na wetu hawakuwa na kambi.

20/ Hili la kambi nalijua kwa njia nyingine pia. Baada ya uchaguzi wa 2007, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Tulitoka usiku karibu na Eldoret, na mama akatufikisha Nakuru kwa shangazi, chumba kimoja, watu tisa. Majirani wetu wengine waliishia kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho. Mama alisema hatawalaza watoto hemani ikiwa wifi yake ana paa.

21/ Mei 2008 ukaja mpango wa Operesheni Rudi Nyumbani. Kaya ilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa waliochomewa nyumba. Mama akaenda kuandikishwa. Afisa akamuuliza: "Mama, uko kambi gani?" Akajibu, "Sina kambi, niko kwa wifi yangu." Afisa akasema kwa upole kabisa kwamba orodha ni za kambi. Mama akarudi nyumbani. Hatukupata kitu. Si kwamba yule afisa alikuwa mbaya. Fomu yake haikuwa na mstari wa mtu kama mama.

22/ Waliokuwa kama sisi wakapewa jina: wakimbizi wa ndani walioingia kwa jamaa. Walikuwa karibu nusu ya waliohama wote. Kamera haziendi kwenye chumba cha shangazi, zinaenda kwenye hema. Sheria ya kuwalinda wakimbizi wa ndani ilipitishwa 2012, na miaka mingi baadaye baadhi ya walioingia kwa jamaa wakakumbukwa. Wengi wameshazeeka wakisubiri. Ndiyo maana nikisikia hoja ya "wetu kwanza" simcheki anayeisema. Namuuliza tu: kwa fomu gani?

23/ Mwaka 2011 ukaja mtihani mkubwa. Tarehe 20 Julai Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia. Watu zaidi ya 1,000 walifika Dadaab kwa siku. Kambi iliyopangiwa 90,000 ikakaribia nusu milioni, ikawa kubwa kuliko zote duniani. Utafiti wa baadaye ulikadiria njaa ile iliua watu karibu 260,000 nchini Somalia, nusu yao watoto wa chini ya miaka 5. Waliofika Dadaab ndio waliokuwa na bahati.

24/ Mwaka huohuo ukame ulikuwa Turkana pia. Wakenya wakachanga kwa simu, mia mia, hamsini hamsini, katika kampeni ya Kenyans for Kenya, na lengo la shilingi milioni 500 likapitwa. Nakumbuka shuleni tulipeleka sarafu. Naitaja kwa sababu watu husema Wakenya hawana huruma. Huruma tunayo. Kinachokosekana ni mpango unaomwona mwenyeji mwenye njaa na mgeni mwenye njaa kwa jicho moja.

25/ Kisha usalama ukaingia. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa msaada walitekwa nyara Dadaab, na jeshi letu likaingia Somalia. Mashambulizi yakafuata. Aprili 2014 maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika nililo nalo leo. Uchungu ule ni wa kweli, na yeyote anayeupuuza hafai kusikilizwa katika mjadala huu.

26/ Lakini uchungu si ushahidi. Agizo la Desemba 2012 la kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini hadi kambini lilibatilishwa na Mahakama Kuu Julai 2013: serikali haikuonyesha vile kumhamisha kila mkimbizi kungeleta usalama. Mei 2016 ikatangazwa Dadaab itafungwa ndani ya miezi michache. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema la, huo ni ubaguzi na unavunja Katiba. Machi 2021 UNHCR ikapewa siku 14 ilete mpango. Baadaye ikawa Juni 30, 2022. Kambi bado ziko.

27/ Kwa hivyo hoja ya pili, "zifungwe", imejaribiwa. Novemba 2013 Kenya, Somalia na UNHCR walitia saini makubaliano ya watu kurudi kwa hiari, na takriban 80,000 wakarudi Somalia miaka iliyofuata. Wapo waliofaulu. Wapo waliokuta vita na ukame na wakavuka tena kurudi Kenya, sasa bila kadi. Tangazo la kufunga linapigiwa makofi siku moja. Kambi hupungua pale tu mtu anapokuwa na mahali salama pa kwenda.

28/ Katikati ya makelele hayo, kitu kizuri kilikuwa kinatokea Turkana. Mwaka 2015 ulianza mpango wa Bamba Chakula. Badala ya gunia, sehemu ya mgao ikawa pesa kwenye laini ya simu, ya kununua chakula kwa wenye maduka walioteuliwa, wakimbizi na wenyeji. Kando yake likaja makazi ya Kalobeyei, yaliyopangwa Waturkana na wakimbizi waishi pamoja. Utafiti uliotolewa 2018 ulikadiria soko la Kakuma kuwa na thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000.

29/ Tafakari: kwenye eneo ambalo wengi hulitaja kama jangwa la ombaomba, kulikuwa na uchumi wa mabilioni ya shilingi. Muuza mbuzi wa Kiturkana alikuwa na mteja. Muuza makaa alikuwa na mteja. Mkimbizi akinunua sukari au salio la simu analipa ushuru uleule unaolipa wewe. Hii inajibu nusu ya hoja ya kwanza. Nusu nyingine ni haki yake: ardhi, polisi, barabara na miti ni vya Kenya, na hivyo vina gharama hata kama unga umeletwa na mfadhili.

30/ Novemba 2021 ikatiwa saini Sheria mpya ya Wakimbizi, yenye milango ya kazi, biashara na kuishi katika maeneo yaliyotengwa. Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida ndani ya kaunti, shule na hospitali zitumiwe na wote. Kwenye karatasi, ni kuukubali ukweli wa miaka 30: Kakuma na Dadaab ni miji.

31/ Shida ni wakati. Mapema 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa zaidi, ilisimamisha na kukata misaada yake mingi. Machi wakimbizi wa Kakuma wakaandamana. Kufikia katikati ya mwaka mgao ulishuka hadi asilimia 28 ya kipimo kamili. Agosti ukaanza utaratibu wa kuzigawa kaya kwa makundi kulingana na mahitaji: wengine wanapata zaidi, wengine kidogo, wengine hawapati kabisa. Nchi yetu ina wakimbizi zaidi ya 800,000. Na vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 bado vinatoa watu makwao.

32/ Aliye kwenye kundi la "unaweza kujitegemea" anaambiwa ajitegemee. Sawa, ni neno zuri. Lakini kibali cha kutoka kiko wapi? Akaunti ya benki iko wapi? Mgao umekatwa leo, mlango wa kazi utafunguliwa kesho kutwa. Na wenye maduka ya Kiturkana waliokopesha familia hizo wanabaki na daftari la madeni. Mkimbizi akikosa chakula, mwenyeji anakosa mteja. Wako kwenye mashua moja, wapende wasipende.

33/ Wenyeji wanaouliza maswali kuhusu Mpango wa Shirika wasiitwe wabaguzi. Wana sababu. Ardhi ni ya jamii, na wanataka kujua mikataba inasemaje. Maji hayatoshi. Pesa zikija, zitapitia nani? Na wale Wakenya wenye alama za vidole za mkimbizi, watapata vitambulisho kabla au baada ya mgeni kupewa karatasi za kazi? Mpango usiojibu haya utazaa chuki, hata ukiwa na nia njema.

34/ Basi mwaka 2027 ukikaribia, mtu akipanda jukwaani na hoja zile tatu, msimpigie makofi wala msimzomee. Mwulizeni manne. Chakula cha kambini kinalipwa na nani, na mfadhili akiondoka wewe utafanya nini? Ukifunga, watu watakwenda wapi, na korti ulishaisoma? Mwenyeji wa Dadaab na Kakuma amewekewa shilingi ngapi kwenye bajeti yako? Na Mkenya aliyehama kwa vita vyetu wenyewe, kama hayuko kambini, utamjuaje?

35/ Hilo la nne ndilo langu. Mama yangu sasa ana kibanda cha mboga Nakuru, na shangazi bado anamtania kuhusu ile miezi minane ya chumba kimoja. Nilipomsomea rasimu ya uzi huu aliniuliza, "Hao wa Kakuma waliokatiwa mgao, wana wifi huku?" Nikamwambia wengi hawana. Akanyamaza, akaendelea kufunga sukuma. Kisha akasema, "Basi waachwe watafute kazi." Naona amefupisha sheria ya 2021 kuliko mhadhiri wangu.

36/ Huo ndio uzi. Mwenye kusahihisha asahihishe, hasa walioishi Dadaab, Kakuma na Kalobeyei, na watu wa Garissa na Turkana. Nyinyi mnajua kuliko vitabu vyangu. Matusi ya ukabila nitayafuta bila kuuliza. Wiki ijayo, mkipenda, tutaangalia swali lingine linalopenda majukwaa: pesa za kaunti hukwama wapi kabla ya kufika zahanati.